Kitufe cha "Nimeelewa"

12 Machi

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na Mama Mkubwa hajambo. Mimi mzima, ila kazi imenikaba koo.

Kozi imekamilika. Ni masomo sita ya mtandaoni ya kuwafundisha wanafunzi wa vyuo mambo ya fedha: bajeti, akiba, mikopo, matapeli na mengineyo. Kabla Baraza la Chuo halijaipokea, lazima ijaribiwe na watu arobaini. Wengine wote ni wanafunzi. Wewe nimekuweka kwa sababu ukisoma kitu kibovu hunyamazi. Fungua kompyuta niliyokuachia, soma somo, kisha bofya kitufe cha "Nimeelewa" mwishoni ili somo linalofuata lifunguke. Baraza litaangalia wangapi wamefika mwisho. Kozi ikipita, naajiriwa moja kwa moja. Isipopita, mkataba wangu unakwisha, nami narudi kulala kwenye stoo yenu.

Mwanao,
Cherehani


20 Machi

Mwanangu Cherehani,

Marahaba. Goti ni lilelile. Mama Mkubwa mzima, anauliza kama unakula.

Somo la kwanza nimelisoma. Umeandika "kutengeneza maamuzi". Maamuzi si viti, hufanywa, hayatengenezwi. Mengine nimeyaelewa, nikabofya.

Somo la pili, la mikopo, sijalielewa. Mtu amekopa mara moja, hajarudi kukopa tena, lakini deni linanenepa. Nani analilisha? Umechora mshale unaopanda. Mshale si maelezo. Kwa hiyo sikubofya.

Baba Mkubwa


4 Aprili

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Poleni na baridi. Mimi sijambo kidogo.

Wenzako wote wamemaliza. Skrini yangu ni kijani tupu, isipokuwa doa moja jekundu. Doa hilo ni wewe. Kuna kijana wa ufundi bomba aliyemaliza masomo yote sita kabla chai yake haijapoa. Kila asubuhi mkuu wa idara ananiuliza huyo mmoja ana matatizo gani, nami naona haya kumwambia kwamba ni mwalimu mstaafu.

Riba inazaa riba, Baba Mkubwa, basi. Nakuomba, bofya tu. Si kiapo cha mahakamani.

Mwanao,
Cherehani


11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti usiliulize.

"Bofya tu." Maneno hayo nimeyasoma nikainuka kitini, na unajua kuinuka kunanigharimu nini. Kitufe kimeandikwa "Nimeelewa". Hakikuandikwa "Nimechoka" wala "Nataka kwenda kula".

Umesahau darasa langu? Walimu wenzangu walikuwa wakiuliza, "Mmeelewa?" na darasa zima linaitikia, "Ndiyooo, mwalimu." Ukuta nao ungekuwa na mdomo ungeitikia. Mimi sikuuliza. Nilisema aliyeelewa asimame amweleze jirani yake ambaye hajaelewa, na huyo jirani ndiye atakayetuambia kama limeingia. Wewe ulisimama, ukalia, ukaninunia muhula mzima. Lakini ulichokieleza siku ile hujakisahau hadi leo.

Basi njoo unieleze, au mtume mmoja kati ya hao walioelewa. Wako wapi?

Baba Mkubwa


29 Aprili

Cherehani,

Leo nimefungua kompyuta, nimekuta somo la tatu linanisubiri. Somo la pili limewekwa alama ya kijani, na chini yake pameandikwa kwamba nimeelewa. Mimi sikubofya. Mama Mkubwa haigusi mashine hiyo. Anasema inanung'unika kama mgeni asiyepewa chai.

Nani amesema nimeelewa?

Baba Mkubwa


2 Juni

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Goti likoje sijui, maana barua zangu mbili hukuzijibu, na simu anapokea Mama Mkubwa na kusema umelala, hata saa nne asubuhi.

Ni mimi niliyebofya, kupitia mashine ya huku ofisini. Doa lilinichosha, na mkuu wa idara alinichosha zaidi.

Wiki iliyopita yule kijana wa bomba alikuja ofisini. Nikadhani amekuja kushukuru. Kumbe alikopa kwenye simu anunue viatu, na sasa deni limekuwa kubwa kuliko viatu. Akaniuliza, "Dada, hii riba, wananikata kwa kosa gani?" Nikamwambia somo la pili limeeleza yote. Akasema lile alilikumbuka, lilikuwa na mshale. Nikamuuliza, sasa mbona alibofya kwamba ameelewa? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafungua mlango kabla ya kuingia.

"Si ndiyo njia ya kupita?"

Jana Baraza lilikaa. Nilikuwa na ripoti yangu ya kijani mkononi. Nikawaambia kijani hicho hakina maana, na mahali pamoja nimekipaka mwenyewe. Mkuu wa idara aliuficha uso kwa viganja. Ajira imeota mbawa. Wamenipa muhula mmoja wa kujaribu upya, kwa nusu mshahara, kwa hiyo naomba stoo isafishwe.

Kitufe nakiondoa. Badala yake, kila mwanafunzi atamwandikia mtu ambaye hajaelewa, na huyo mtu akiridhika ndipo atamfungulia somo linalofuata. Nimetafuta mtu asiyejidai ameelewa, nimempata mmoja tu. Maelezo yao yataingia kwenye kompyuta yako. Nikasirikie mimi, lakini wao wajibu.

Mwanao,
Cherehani


18 Julai

Mwanangu Cherehani,

Hatujambo. Goti linauma kwa sababu yako, maana nakaa mezani kutwa. Stoo imesafishwa. Mama Mkubwa akaona imependeza, akanihamishia humo mimi na kompyuta yako, eti nagombana nayo kwa sauti. Wewe utalala sebuleni.

Wanafunzi wako ni mateso. Mmoja ameniandikia, "Mambo mzee, riba ni riba tu." Nimemrudishia. Mwingine amenakili mchoro wako pamoja na mshale wake. Nimemrudishia mara mbili. Nasikia wananiita Mzee Rudia. Walalamike wanavyotaka. Hadi juzi sikuwa nimemfungulia hata mmoja, na nilikuwa nimeanza kuamini kwamba hakuna anayelijua jambo hili, ukiwemo wewe.

Jana akaandika yule wa bomba. Hakuna nukta wala koma. Nimezitia mimi ili niweze kupumua. Anasema: "Mzee, shikamoo. Deni ni bomba lililopasuka ndani ya ukuta. Tundu ni moja tu, hakuna aliyeongeza lingine. Lakini tofali lililolowa linalilowesha la pembeni, na hilo likilowa nalo linaanza kulowesha lenzake. Ukiwahi, unabomoa tofali moja. Ukichelewa, unabomoa ukuta. Mimi nilichelewa, ila nimeanza kubomoa."

Nilivua miwani. Nikaenda kuutazama ukuta wa bafuni, ule wenye baka la unyevu ambalo Mama Mkubwa amenisema kwa ajili yake tangu mwaka jana, nikaona limefika dirishani. Nikarudi, nikamfungulia kijana somo lake. Kisha nikatafuta kitufe chako nikibofye na mimi, kwa haki. Nikakikosa. Kazi zako zote huchelewa, ila kukiondoa hicho umewahi.

Basi, kwa kuwa huku sina pa kubofya, naandika hapa, na mtu mwingine asiandike kwa niaba yangu:

Nimeelewa.

Baba Mkubwa