Siku Mzee Mayige Alipotetea Sare

Bariadi, Jumapili

Mdogo wangu Limbu,

Mwangaluka. Simu yako haipatikani, kwa hiyo nampa barua hii Jeremia anayerudi huko machimboni.

Mvua zimechelewa, pamba imedumaa. Timu yetu imetoka sare tena, bila bao. Unakumbuka Baba na jirani yetu mzee Mayige walivyozoea kugombana kila baada ya mechi. Baba alisema kocha anafanya vizuri kujaza mabeki, timu maskini ikibaki kwenye ligi hilo ndilo kombe lake. Mayige alimjibu kwamba huo ni woga, afadhali kushuka daraja huku unashambulia.

Jana wanaume walikaa uani kwetu kuzunguka moto, nami nikawapelekea uji. Vijana wakaanza kumponda kocha. Nikangoja Mayige awaunge mkono. Akasimama na fimbo yake, akasema, "Nyie hamjui mpira! Kubaki ndilo kombe letu." Akamalizia na ule msemo wa Baba: ng'ombe akivuka kiangazi akiwa hai, usimuulize kwa nini amekonda.

Mzee alikuwa analia.

Limbu, moto huo ni wa matanga. Baba tulimzika Alhamisi. Tulikupigia simu bila kukupata, tukakungoja mpaka jua likaanza kuzama, watu wameshika majembe.

Sijakusamehe bado. Lakini njoo kabla hatujaanua matanga. Mayige hana tena wa kubishana naye.

Dada yako,
Nyanjige