Shukrani Niliyoitoa Mapema

Kianda, Kibera
Jumatatu, 5 Mei 2025

Sasa Baba Wayua,

Uko aje huko Kawangware? Kichwa bado kinauma ama kimetulia? Sisi huku tunapumua tu. Wayua anatembea akishika kitanda, akifika mwisho anakutafuta.

Tangu umpatie binamu yako Kilonzo simu aifungie kwa sanduku lake la vyuma, nyumba imenyamaza vibaya. Lakini ulisema simu inakula akili, na kwa hii chumba moja mtu hawezi kusoma mtoto akilia. Basi kaa huko kwake usome. Everlyne wa mlango wa pili akienda saluni yake huko, atakuletea ndoo ya keki na barua.

Hizi nimeoka nikitoka kufua nguo za watu mtaa wa Olympic. Mgongo ulikuwa umekataa kabisa. Nimeweka ganda la limau na iliki, makaa chini, makaa mengine juu ya kifuniko cha sufuria, vile unapenda. Vile vibati vya kuokea fundi wa Laini Saba alinikatia vina kingo mbaya, angalia usikatwe mdomo.

Hiyo karatasi ya mtihani wa takwimu isikutishe. Najua ndiyo ilikuangusha mwaka jana, na najua chuo kimesema ukianguka tena hiyo Masters imeisha. Hiyo tunajua mimi na wewe peke yetu.

Ni mimi,
Mama Wayua


Kawangware
Alhamisi, 8 Mei 2025

Mama Wayua wangu,

Pokea salamu, na umbusu mtoto miguu yote miwili. Mimi ni mzima, macho tu ndiyo yamechoka.

Keki zimefika. Kilonzo ameiba moja. Nikamwambia, "Hizo ni za wasomi." Akasema, "Sawa, nami nasomea harufu." Ukioka tena zidisha, huyu mtu hana aibu.

Karatasi zingine siziogopi. Ya takwimu ni Jumatatu tarehe kumi na tisa. Nasoma ukurasa, nikifika chini nimesahau juu. Lakini nikila keki moja nakumbuka kuna mtu amesimama kwa moshi kwa sababu yangu, basi narudi juu naanza tena.

Usijichoshe.

Baba Wayua


Kianda
Jumatatu, 12 Mei 2025

Baba Wayua,

Mambo? Mwili unasemaje? Huku mvua imeingia mpaka chini ya kitanda, lakini hatujambo, mtoto anakula.

Nina habari tamu. Jana kanisani pasta alisema tushukuru kwa imani, kama kitu tayari kimefanyika. Nikasimama na mtoto mgongoni. Nikasema, "Bwana asifiwe. Namshukuru Mungu kwa sababu Baba Wayua amepita mtihani wa Masters." Wueh! Vigelegele! Mama Ngina alinikumbatia mpaka Wayua akalia. Sasa majirani wote wa ploti, hata caretaker anayeangalia nyumba, wanauliza, "Profesa anarudi lini?" Nilisikia mwili mwepesi, kama mtu ameshusha mtungi.

Hizi keki ni za furaha. Nimeweka zabibu.

Mama Wayua


Kawangware
Jumatano, 14 Mei 2025

Mama Wayua,

Natumaini nyinyi ni wazima.

Nakurudishia ndoo na keki zake. Sijazigusa, mpatie mtoto.

Everlyne aliingia kwa karakana ya Kilonzo akipiga kelele, "Hongera!" Mafundi wote wakaacha kuchomelea. Kilonzo akaninyanyua juu. Mmoja akasema nimepita na nimewanyima soda. Nilicheka. Nilicheka mpaka wakarudi kazini, halafu nikaingia chooni nikakaa huko.

Najua hukutaka ubaya. Lakini mwaka jana nilipoanguka, nilianguka mbele yako tu, na ukanipikia chai. Sasa nitaanguka mbele ya kanisa, ploti na karakana nzima. Nikifungua kitabu naona nyuso zao.

Afadhali nisiingie kwa hiyo karatasi. Nitasema niliugua. Mgonjwa huwa hachekwi.

Baba Wayua


Kianda
Ijumaa, 16 Mei 2025

Baba Wayua,

Salamu nyingi, hata kama hutaki kuzisikia. Mtoto yuko sawa. Mimi nimechoka, siwezi kukudanganya.

Pole. Nilidhani naongea na Mungu, kumbe naongea na watu.

Jana kwa maombi ya fellowship, nyumbani kwa Mama Ngina, nikasimama tena. Nikasema, "Ile shukrani ya Jumapili naiondoa. Baba Wayua hajafanya mtihani. Mwaka jana alianguka, na anaweza kuanguka tena."

Wagaki, yule mwekahazina wa kanisa, akasema, "Kageha, Mungu ni duka? Unamrudishia bidhaa?"

Nikamwambia, "Mungu simrudishii kitu. Nawarudishia nyinyi vigelegele vyenu."

Mmoja akacheka, halafu wengine. Mama Ngina hakucheka. Alisema, "Hata mume wangu amefeli mtihani wa udereva mara tatu, nami huwaambia gari ndiyo haijapatikana." Basi tukaomba, polepole, bila kelele.

Kwa hivyo hakuna mtu anakungoja ukiwa umeshinda. Hata mimi. Ukianguka utaangukia hapa hapa.

Keki zimeungua chini. Nilisinzia nimekalia debe, moshi ndio ulinishtua. Kata hiyo sehemu nyeusi, juu ni tamu.

Mama Wayua


Kianda
Jumapili, 18 Mei 2025

Baba Wayua,

Everlyne anasema jana hakukupata. Kilonzo naye alikuwa ametoka, milango imefungwa. Barua ya Ijumaa alimwachia Kilonzo, sijui kama ilikufikia.

Sitauliza mengi. Uko mzima? Umekula? Hizi za leo ni chache, unga uliisha. Atakuachia mlangoni.

Kageha wako,
Mama Wayua


Jumatatu, 19 Mei 2025

Mama Wayua,

Sijui huko ndani mko aje, lakini nasikia Wayua akigonga sufuria, kwa hivyo mko.

Ijumaa nilikuwa nimefunga begi niende kwetu Machakos. Nilikuwa nimevaa viatu tayari. Kilonzo akanipa ndoo na barua yako akasema, "Kula kwanza, safari ni ndefu." Nikaisoma nimesimama, halafu nikakaa, nikavua viatu. Jumamosi na jana nilisomea kwa darasa tupu huko shuleni ninapofundisha, ndiyo maana Everlyne hakunipata.

Leo niliingia. Nilijibu yote isipokuwa swali la nne, hilo nililiacha nusu. Labda nimepita, labda sijapita. Matokeo ni Julai. Sasa hivi sina hata nguvu ya kuogopa.

Niko hapa nje, kwa ngazi ya ploti. Nimempa Everlyne hii barua atangulie nayo kwa sababu nikifungua mdomo nitalia, na caretaker ananiangalia. Usiniulize kitu mpaka kesho. Fungua mlango, nipe mtoto, halafu ulale. Chakula nitapika.

Baba Wayua