Chaki Zenye Tabia Njema

Jumatatu, 4 Novemba

Leo nimewavunjisha chaki. Wahandisi wa mwaka wa pili, watu wazima wenye ndevu zao, wamepiga magoti kando ya meza wakimimina mchanga kwenye vikopo. Chaki inalazwa juu ya vibao viwili, kikopo kinaning'inia katikati kwa uzi, unamimina kidogo kidogo mpaka chaki ikatike — halafu unapima mchanga. Kila kundi chaki kumi. Mizani mojawapo ni ya jikoni kwa dada. Hajui bado.

Nilitaka waone kwa macho yao kwamba vitu vinavyofanana havivunjiki sawa. Chaki moja inabeba kilo na nusu, mwenzake wa boksi hilohilo hafikishi hata gramu mia nane. Takwimu ndiyo hiyo. Tangu muhula uanze nawahubiria mtawanyiko ubaoni, wanapiga miayo. Leo hakuna aliyepiga miayo.

Kiongozi wa darasa amenifuata mlangoni. Tunamwita Desimali, maana hana jibu lisilo na tarakimu sita baada ya nukta. Ati: dada — samahani, mwalimu — leo somo limekuwa tamu. Nimejikausha. Moyoni nimecheka mpaka basi.

Naitaka kozi hii muhula ujao. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu tu, nimeshikizwa kwa muda baada ya mwalimu wa kozi kuhamia chuo kingine. Mkuu wa Idara ataamua nibaki au niondoke akishasoma fomu za maoni ya wanafunzi, na fomu ni Jumatano ya wiki ijayo. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, najua. Lakini naitaka.

Jumanne, 5 Novemba

Ripoti zimefika. Furaha imeniishia ukurasa wa pili.

Makundi yote: kilo moja na kidogo. Kilo moja na kidogo. Kilo moja na kidogo tena. Grafu zimenyooka kama za kitabuni. Chaki hazina adabu hiyo!

Kwanza nilidhani wamenakiliana. Hapana, kila kundi lina namba zake. Nikaenda stoo kuomba chaki za somo la mchana. Mtunza stoo akaniuliza kama wanafunzi wangu wanazila. Kumbe jana, nikiwa nimeinamia meza hii na ile, walimrudia tena na tena, wakidai mwalimu kasema waongezewe. Mwalimu gani? Mimi sijasema kitu.

Nimerudi maabara, nimefunua pipa la taka. Limejaa vipande.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Namba ikija mbaya, chaki pipani, chukua nyingine. Hivyo hivyo mpaka zitimie kumi zenye tabia njema. Wala si uvivu. Wamefanya kazi mara tatu ili wapate uongo! Sijui nicheke au nilie. Kwa sasa nimekasirika.

Nimemsimulia dada wakati wa kula. Yeye anafundisha chekechea. Kasema, mdogo wangu, bado hujaona kitu: kwangu mmoja akichora ng'ombe wa bluu, meza nzima inachora ng'ombe wa bluu. Halafu akauliza mizani yake iko wapi.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimeingia darasani na pipa. Nimelimwaga juu ya meza ya mbele. Vumbi jeupe mpaka kwenye nywele zangu. Nikasubiri.

Desimali ndiye aliyesimama. Hakujitetea sana. Kasema kule maabara ya vifaa vya ujenzi, ukileta namba iliyo mbali na ya kitabu unakatwa alama, na ikiwa mbali zaidi unakatwa zaidi. Sasa chaki haina kitabu. Kundi la kwanza lilipotangaza wastani wake, wengine wakajua jibu ndilo hilo.

Jibu la nani, nikauliza.

Akafikiri kweli kweli. La kundi la kwanza, akasema. Wenzake wakaangua kicheko, naye akacheka, na mimi nikauma mdomo.

Hasira yangu imegeuza njia. Hawa hawakuzaliwa waongo. Tumewafundisha wenyewe, kwa kalamu nyekundu. Hata hivyo ripoti zote nimezipa sifuri, na sifuri ni sifuri. Nimewaambia zoezi linarudiwa Jumatano. Kila kipande kije mezani kwangu, na kila kipande kiwe na namba yake kwenye jedwali. Kikionekana kipande kisicho na namba, sifuri haitoki.

Sauti ikatoka nyuma, taratibu kabisa: mwalimu, Jumatano si ndiyo siku ya fomu?

Wote wakanitazama. Nikasema najua. Nikafuta ubao uliokuwa safi.

Ijumaa, 8 Novemba

Mkuu wa Idara kaniita. Habari zimeshamfikia — kuta za jengo hili zina masikio na midomo pia. Kanikaribisha kiti, kaniita mwanangu, kama kawaida yake. Kasema niwape nusu ya alama yaishe. Kasema nisijipalie makaa wiki ya fomu. Vijana wakinuna wanaandika ya kununa, na yeye hawezi kumpa kozi mtu ambaye darasa zima limemkataa. Kasema kwa upole. Upole wake ndio ulionitisha.

Nami nimeshajua kanuni ya kukata alama ni ya nani. Ni yake. Aliiweka mwenyewe alipoanzisha maabara ya vifaa, imebandikwa pale mlangoni na saini yake chini.

Nimemwambia, mzee, siku moja hawa watapima zege la nguzo za hospitali. Namba mbaya itakuja. Wataitupa pipani, watapima nyingine, na nguzo itabaki palepale.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kasema Jumatano fomu atazileta yeye mwenyewe. Sijui ni kitisho au nini. Nimetoka pale nikatembea mpaka getini na kurudi, ndipo nikaweza kukaa chini na kusahihisha.

Jumapili, 10 Novemba

Mama kapiga simu. Kauliza nitamaliza lini, au nasoma kwa niaba ya ukoo mzima. Nikamwambia huenda kozi ikaniponyoka. Kasema nikishindwa nirudi nyumbani, chumba changu kipo. Akaanza kuaga. Kisha: lakini usishindwe.

Nimelia. Nimenawa uso. Nimekata nyuzi mpya za vikopo vyote vya Jumatano.

Jumanne, 12 Novemba

Desimali kaja ofisini peke yake. Anaomba zoezi lisogezwe mpaka Alhamisi, fomu zipite kwanza. Kwa faida yako, mwalimu, kasema, akitazama viatu vyake. Nikaona kwamba ananitakia mema, na ikaniuma zaidi kuliko kama angekuja na ukali.

Nimekataa. Nikisogeza, nitakuwa nimetupa chaki yangu pipani mimi pia. Maji nimeshayavulia nguo, sina budi kuyaoga.

Mtunza stoo kanipa maboksi ya mwisho. Kasema safari hii wazile na chai.

Jumatano, 13 Novemba

Naandika nikiwa mezani mbele ya darasa, wao wanavunja. Wamekuja wote, shingo upande. Kundi la dirishani halijanisalimia. Mkuu kakaa nyuma, bahasha ya fomu kwapani.

Namba zinakuja za kila aina. Moja ya chini kabisa, moja ya ajabu ya juu. Kwenye grafu ya ubaoni nukta zimetapakaa hovyo hovyo. Nzuri sana. Vipande vinaletwa mezani kwangu, kila kimoja na namba yake. Kama wamenichukia, basi wamenichukia, lakini wanaandika.

Mkuu kainuka. Anapita meza hadi meza, mikono nyuma. Kafika kwa Desimali. Anaomba chaki moja. Kaweka bahasha mezani, kavua koti, kainama, anamimina mchanga kwa makini kama anapima dawa.

Imekatika. Kikopo hakijafika hata nusu.

Kasema hii ilikuwa na ufa. Kaiweka pembeni, kanyoosha mkono apewe nyingine.

Hakuna anayempa. Makundi yote yameacha kumimina. Desimali kaokota vile vipande viwili, kaviweka kwenye mizani ya dada pamoja na kikopo — amechanganyikiwa, maskini — kaviondoa, kapima mchanga pekee. Samahani mzee, anasema. Hii tunaiandika.

Kalamu ya Desimali iko juu ya jedwali, haijagusa karatasi. Bahasha bado iko mezani, imefungwa.

Sasa kageuka kunitazama. Mwalimu, anasema, wewe unasemaje?

Mwalimu. Siku zote huniita mwanangu.

Naweka kalamu, nisimame nimjibu.