Tiketi ya Kijani Kabla ya Saa Tatu

Jumatatu, 2 Juni

Nimepiga pasi sare yake mara mbili. Mara ya tatu ameninyang'anya pasi! Mama, itaungua. Haya, basi. Kitinda mimba wangu, binti yangu — kondakta wa treni! Na mimi niliishia darasa la nne. Kofia imemkaa kama amezaliwa nayo. Nimejifanya natafuta chumvi kabatini asinione machozi.

Ila moyo hautulii. Yuko kwenye majaribio miezi mitatu. Mkaguzi anapanda naye, anaandika kila kitu. Kosa moja — nyumbani! Na abiria wa asubuhi wana midomo. Kabla ya saa tatu lazima uwe na tiketi nyekundu. Ya kijani, ile nafuu, ni baada ya saa tatu tu. Ukipanda nayo mapema, kondakta anakushusha na jina lako linaingia daftarini. Mimi natumia ya kijani. Zahanati ninapofagia naanza saa nne.

Jumatano, 4 Juni

Nimefanya ujinga.

Kasahau miwani mezani! Na tarehe za tiketi ndogo kama mayai ya chawa. Nikakimbia stesheni na kandambili. Mlango wa treni unafungwa — nikajitosa ndani. Saa moja na nusu. Tiketi ya kijani mkononi.

Nikamwona anakuja katikati ya viti, mgongo wima. Tiketi, tafadhali. Sauti ile! Nyumbani akiomba maji humsikii. Akanifikia. Nikampa miwani. Akashukuru, akavaa. Kisha — tiketi yako, mama.

Akaisoma kwa miwani niliyomletea mimi!

Hii ni ya baada ya saa tatu, mama. Utashuka kituo kijacho. Nikanong'ona, mwanangu, ni mimi. Nakuona, mama. Shuka taratibu, kuna ngazi.

Fundi mmoja mwenye begi la spana akapaza sauti: Huyu dada hata mama yake mzazi angemshusha! Behewa zima likacheka. Ulimi uliniwasha. Nikashuka.

Nimekaa kwenye benchi la kituo mpaka saa tatu. Uso unawaka aibu, na huku najichekea kama mwehu. Kanishusha! Mimi!

Alhamisi, 5 Juni

Hajala. Nimembana mpaka akasema. Jana hakuniandika jina. Mkono ulikataa, mama. Na mkaguzi alikuwa mlangoni, akaona. Kesho saa nne anaitwa ofisini.

Nimemwambia nitaenda niseme simjui, miwani niliiokota tu. Amenikazia macho — mama, usithubutu.

Nitathubutu. Zahanati nimeomba ruhusa.

Ijumaa, 6 Juni

Benchi nje ya ofisi ya stesheni. Goti ndilo meza yangu ya kuandikia. Nimekuja na treni ya saa tatu na robo — halali kabisa! Yuko ndani na mkaguzi. Mlango mwembamba, nasikia yote.

Mkaguzi anauliza, yule mama ulimshusha, mbona hukumwandika? Ni nani wako?

Sema humjui, mwanangu. Sema!

Ni mama yangu mzazi. Sauti ile ile ya tiketi. Kumshusha niliweza, kumwandika nikashindwa. Kosa ni langu. Akirudia, nitamshusha tena, na nitamwandika.

Uongo wangu wote umeyeyuka. Nimekaa wima kama yeye.

Mkaguzi ametoka. Kaniuliza namsubiri nani. Namsubiri kondakta wako, nimemjibu, nimemzaa mimi. Na jina langu liandikeni, nilikosea. Kanitazama mpaka kwenye kandambili. Akasema kuandika si kazi yake, ni ya kondakta. Akarudi ndani, mlango kauacha wazi.

Namwona. Anafungua daftari. Anavaa miwani. Anashika kalamu, mkono haukatai.

Jina lako kamili, mama?