Kimya cha Kanda ya Saba

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Nakusalimu kwanza, maana hata mwenye nyumba inayovuja humkaribisha mgeni kabla ya kutafuta ndoo. Hujambo wewe? Hajambo wifi yangu? Ule mgongo wake umetulia, au bado anapanda kitandani kwa awamu? Watoto wote nisalimie, hata yule mrefu anayeona haya. Sisi huku hatujambo. Mimi nina magoti tu, na magoti ni umri, si ugonjwa.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Nikikupigia utaniambia uko kazini, nitasikia majokofu ya watu yanagongwa nyuma yako, nami nitaishia kuuliza kama mvua imenyesha. Jambo hili si la simu. Mkwe wangu alitaka aniandikie, na mwandiko wake ni kama wa kitabu, lakini nimekataa. Nimeandika mwenyewe kwa darasa langu la nne. Ukikuta herufi imelala, iamshe.

Nianze na mpwa wako. Najua utasema dada ameanza. Ndiyo, nimeanza, na sijafika hata nusu. Mpwa wako sasa ana chumba chake cha kazi, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Kuta zote amezibandika sponji, hata mtu akipiga chafya mle ndani, nje hawajui. Wanaume wenye tai hupanda ngazi zile wakakaa kwenye benchi kumngoja mwanangu, huyu huyu aliyeninyonya miaka miwili na nusu akaniacha kama gunia tupu. Kazi yake ni kusafisha sauti za zamani. Wanamletea kanda zimeota ukungu, zinanuka siki, naye anazirudishia roho. Juzi bwana mmoja mwenye mvi alitoka mle machozi yanamtiririka, amesikia sauti ya baba yake. Nilimpa maji. Nikamwambia pia kwamba fundi ni mwanangu, ingawa hakuniuliza.

Sasa sikiliza. Kazi aliyoishika mwaka huu ni zile kanda tisa za klabu. Ndiyo, zile zako, ulizoirekodi bendi. Zilikuwa kwenye sanduku la marehemu shemeji yako, chini ya klarineti, zimefungwa kwa shuka. Wapenzi wa jazi ya zamani wamezisikia wakataka zitoke kwenye santuri, mbili kwa pamoja, zenye jalada la kufunguka kama kitabu.

Siku alipoziwasha mara ya kwanza nilikuwa nimempelekea chakula, nikasahau kuondoka. Mdogo wangu, klabu yote imo mle. Ngazi za mbao zinalia watu wakipanda. Mhudumu anaangusha vijiko, na najua ni yule yule, maana hapakuwa na mwingine wa kuangusha vijiko wimbo ukiwa katikati. Bawabu anakohoa kama lori linalokataa kuwaka. Halafu bendi inaingia, na mtu unasahau vijiko.

Mwanangu alinieleza kwamba siku hizi kila chombo kina kipaza sauti chake. Nikamwambia mjomba wako alikuwa na kimoja, kinaning'inia katikati ya ukumbi kwa kamba yangu ya kuanikia nguo, ambayo mpaka leo haijarudi. Ulichofanya ni kuwapanga watu. Kiwiko na tromboni lake ulimsimamisha ukutani kabisa, kwa sababu akisogea aliwameza wenzake. Mpiga banjo ulimpandisha juu ya kreti la soda. Shemeji yako ulimvua viatu, maana alikanyaga sakafu kama anaua mende. Kwa hiyo zile sifa zote za klarineti zilipatikana kwa soksi, na ya kushoto niliitia kiraka mimi. Mwanangu alicheka hadi akazima mashine. Alisema mjomba alikuwa anachanganya muziki kwa miguu ya watu.

Na mashati je? Mashati manane meupe kila wiki, kola zimesimama kwa wanga, mikono imenyooka kama rula. Mtu akiisifu bendi ile mbele yangu namwambia ungeziona kola. Nilipiga pasi huku wewe unasokota nyaya kwenye meza ya chumba cha mbele, mtoto anatambaa katikati yetu, na shemeji yako anapuliza ngazi zake za sauti chooni, eti ndiko kuna mwangwi mzuri. Tulikuwa na vyumba viwili na tulijiona tuna jumba. Nikikumbuka nyakati zile nasikia harufu ya pasi ya mkaa.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Utaniambia hili unalijua kuliko mimi. Vumilia, acha nilisimulie lote, maana nataka liwe kwenye karatasi.

Mapafu, kiongozi wao, alikuwa amefiwa na mkewe. Tarumbeta lile alilokuwa akilishikilia kwa pumzi moja mpaka mhudumu aende jikoni na kurudi, aliliweka chini miezi mitatu. Aliporudi, Jumamosi ile, alipiga wimbo wa polepole aliomtungia marehemu, na akawaambia wenzake hataurudia, wimbo wa kumzika mtu hupigwa mara moja. Wewe uliurekodi kwenye kanda ya saba. Jumapili asubuhi nyumbani ulianza kuujaribu, ukasikiliza banjo inavyofungua, na tarumbeta lilipotaka kuingia ukazima. Ulisema si adabu mtu mwingine kuusikia kabla ya mwenyewe. Ukaiacha kanda pale pale kwenye mashine, ukaifunika na kitambaa kama mtoto aliyelala, ukatoka.

Jumatatu mchana Mapafu alikuja na kofia yake mapajani. Kiwiko alikuwepo, shemeji yako alikuwepo, mimi nilisimama mlangoni na mtoto kiunoni. Ukairudisha kanda mwanzo wa wimbo. Banjo ikafungua. Tarumbeta likataka kuingia, kisha kimya. Kimya cha dakika karibu tatu, halafu mwisho wa wimbo ukatokea na watu wakapiga makofi. Mapafu alikaa ameinama muda wote ule, akingoja. Makofi yalipoisha akakuuliza kwa upole, na ule upole ulikuwa mbaya kuliko matusi:

"Kijana, ulikuwa wapi?"

Ukasema hujui, labda mkono uliteleza, labda ulisinzia. Hukujitetea kwa sababu hukuwa na la kujitetea. Uliamini mwenyewe kuwa wewe ndiye mkosaji. Wiki haikuisha ukafunga mzigo, ukaenda huko kutengeneza majokofu. Mapafu hakukutaja tena hadi alipokufa. Wifi aliwahi kuniambia kwamba redio nyumbani kwako huwashwa wakati wa habari tu, muziki ukianza unaizima. Nilimjibu kwamba ndivyo ulivyo. Mungu anisamehe jibu lile.

Mwezi uliopita mwanangu aliniletea maneno ya jalada nihakikishe majina. Yameandikwa na mtu msomi aliyemhoji Kiwiko. Nilisoma kwamba wimbo wa kanda ya saba ulipotea kwa uzembe wa fundi mitambo. Neno hilo uzembe nililisoma mara nne. Nikamrudishia karatasi, nikamwambia majina yote ni sahihi. Ndiyo, mdogo wangu. Hata hapo sikusema.

Siku mbili baadaye akaniita chumbani kwake. Alikuwa amekipekua kile kimya. Alinieleza mambo mengi ambayo sikuyashika, ila mawili niliyashika. La kwanza, kelele za ukumbi kabla ya kimya na baada yake ziko kipimo kimoja, maana yake mkono wako haukusogea. La pili, mashine yako ilikuwa imechoka, haikufuta vizuri, na chini ya kimya pamebaki kitu. Akanivisha hedifoni juu ya kilemba. Nikasikia mbali, kama mtungini, mtoto anasema "mama, mama, mama." Na sauti ya mwanamke inacheka na kusema, "Rudia, baba, mjomba wako asikie ulivyo hodari."

Mwanangu akaniuliza huyo mtoto ni nani. Nikamwambia, "Ni wewe."

Aliyeufuta wimbo ni mimi, mdogo wangu. Si wewe. Ni mimi.

Jumapili ile ulipotoka, mtoto alisema neno lake la kwanza. Miezi tisa tu, na wa jirani ana mwaka mzima hasemi hata "bu". Nilikuwa nimekuona mara mia unavyobonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Nikasema nimtie kwenye kanda, jioni ukirudi usikie, na mama yetu naye apelekewe kule alikolala mgonjwa, asikie mjukuu. Wimbo nilijua umo. Lakini nilidhani kanda ni kama daftari, kwamba ukiandika pembeni ya ukurasa maneno ya kwanza hubaki mahali pake. Nikamsemesha mpaka akachoka. Nilipoirudisha nisikie, mtoto alikuwa pale tarumbeta lilipopaswa kuwa.

Nikafikiri, kama nimepaka rangi juu ya rangi, nikikwangua ya juu ya chini itaonekana. Nikachomoa kipaza sauti, nikabonyeza tena vitufe vile viwili, nikaacha kanda ipite. Nilidhani nikimfuta mtoto, tarumbeta litarudi. Halikurudi, na mtoto naye akaondoka. Nikarudisha kanda pale ulipoiachia, nikaifunika na kitambaa.

Hadi hapo ni ujinga, na ujinga haufungi mtu jela. Kosa langu ni Jumatatu. Nilisimama mlangoni nikamsikia Mapafu anakuuliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nimelibeba kiunoni. Niliogopa macho ya mume wangu, niliogopa kuambiwa mtoto wangu ndiye aliyemfukia marehemu mara ya pili. Nikajiambia nitasema kesho. Ukafunga mzigo, nikakufungia na chakula cha njiani, nikakuaga. Kesho ile imechukua miaka thelathini na minne. Hukusinzia, mdogo wangu. Ulikuwa macho, na kazi yako ilikuwa safi.

Yote haya nilimwambia mwanangu. Nilingoja anikaripie, au anionee huruma, kwa sababu ananipenda sana na kila mtu mtaani analijua hilo. Aliuliza neno moja tu:

"Mjomba anajua?"

Nilipomjibu kwamba hujui akachukua simu, akawaambia watu wa santuri wasimamishe kila kitu. Hajanisemesha vizuri tangu siku hiyo. Anakula, anashukuru, anaondoka.

Nimekwenda kwa Kiwiko kwa miguu yangu hii mibovu. Ukituondoa mimi na wewe, ndiye pekee aliyebaki katika wale waliokuwepo chumbani siku ile. Nilimweleza yote. Akasema Mapafu alikufa na kinyongo kwa mtu asiyestahili, na yeye Kiwiko amekuwa akikisambaza kinyongo hicho kwa kila aliyemuuliza, hadi kwa huyo msomi. Nilidhani atanifukuza. Akaniambia niache kulia mbele yake, niende nikalie mbele ya mwenyewe. Chai niliyommiminia hakuinywa.

Maneno ya jalada tumeyaandika upya, mimi nikisema na mwanangu akiandika. Yanasema wimbo huu ulirekodiwa vizuri na kaka mdogo wa mama wa mtayarishaji, fundi ambaye kanda zote tisa ni kazi ya mikono yake, na kwamba ulifutwa kesho yake nyumbani na dada yake, ambaye alinyamaza akamwacha abebe lawama. Nilitaka iongezwe kwamba mtoto alikuwa na miezi tisa tu alipoanza kusema. Mwanangu aliniangalia, nikaifuta mwenyewe.

Lakini hayatachapwa mpaka wewe useme. Mpwa wako anasema zile kanda ni zako kabla ya kuwa za mtu mwingine. Ukitaka kanda ya saba itoke na kimya chake, itatoka. Ukitaka isitoke, haitatoka. Ukitaka zote tisa zirudishwe kwako uzichome, amesema atazileta mwenyewe, na mimi sitafungua mdomo. Barua hii haitoshi kuombea msamaha, ni nyepesi mno. Nitakuja Alhamisi ya wiki ijayo kwa basi la asubuhi. Ukinifungulia, nitaingia. Usipofungua, nitakaa kizingitini hadi basi la kurudi, na hiyo ni haki yako. Nina hakika tu kwamba sitaki kufa na wewe ukiwa unazima redio.

Msalimie sana wifi, na umsomee barua hii ukiwa umekaa. Wanangu wape busu la shangazi yao. Mpwa wako anakusalimu kwa heshima zote. Ameniambia nikuandikie hivi, neno kwa neno: kwamba amesikiliza rekodi za mafundi wengi, na kwa kipaza sauti kimoja na kamba ya nguo hajawahi kusikia kazi kama ya mjomba wake. Mwanangu hasifu ovyo. Hilo hakulirithi kwangu.

Ndimi dada yako, ambaye kwa leo hana wa kujivunia ila wewe.