Maziwa Yanayobaki kwa Mzazi

Mama,

Naogopa. Nianze na hilo, maana wewe hukuwa na subira na mtu anayezungukazunguka kabla ya kusema shida yake.

Kesho mwanao Elia anakuja kutoka Dar. Tutakaa kwenye meza yako kule kiwandani Kwa Sadala, tuchague mfumo wa kompyuta wa kuchambua biashara yetu. Imebaki miwili, na mmoja lazima tuusainie mkataba. Nikikosea, kiwanda ulichokianzisha kwa sufuria jikoni kitanifia mikononi, na wanawake wa huko juu mlimani waliokuamini na maziwa yao watanihama. Nimekaa barazani, kaburi lako naliona pale kati ya migomba, chai imepoa na sijaigusa.

Usicheke. Najua unacheka.

Tangu uondoke mambo yamenizidi kimo. Mtindi wetu sasa unafika Bomang'ombe, unafika Moshi mjini, hata Holili kuna mama anauuza pale mpakani na kila siku ananipigia kudai zaidi. Magari yameongezeka. Vijana wa mauzo wanavaa fulana zenye jina la kiwanda, ungewaona ungesema wanakwenda kucheza mpira. Wewe ulikuwa unasimama getini, unafungua kifuniko cha ndoo, unanusa, halafu unauliza, "Yule ng'ombe mwenye pembe iliyovunjika amepona?" Kila kitu kilikuwa kichwani mwako, na ukaondoka nacho. Samahani mama, lakini hapo ulinifanyia ubaya.

Maana mimi sijui kitu. Wiki moja mtindi unaharibikia stoo tunamwaga, wiki inayofuata maduka yanalia hayana hata pakiti. Nikiuliza tumeuza kiasi gani, kila mtu ana jibu lake na kila jibu limeapiwa. Ndiyo maana Elia akasema tutafute mfumo, na safari hii sikubishana naye.

Wa kwanza ulikuja na kijana nadhifu kutoka Dar, anaitwa Denis, mpole, ana maneno matamu. Akaunganisha laptopu yake, ukuta wa ofisi ukawaka rangi. Kijani ni mfugaji anayekwenda vizuri, njano ni wa kuangaliwa, nyekundu ni wa kuachana naye. Ulitabiri hata duka litakaloishiwa mtindi Ijumaa, na kweli likaishiwa. Mama, niliupenda. Nililala usingizi ambao sijaupata tangu tukuzike.

Wa pili umetengenezwa na dada mmoja wa Arusha, na wenyewe hauna mbwembwe. Jedwali, michoro michache basi. Namba ikishuka unasimama na kukuuliza sababu, na usipoandika hauendi mbele. Elia aliutazama kwenye simu akasema, "Dada, huu ni wa shule ya msingi." Nikacheka naye.

Basi tukaupa ule wa kwanza mwezi wa majaribio, na taarifa zetu za kweli za miaka yote. Una kitu wanakiita kujiendesha. Ukikiwasha, mfumo unaamua wenyewe na kuwatumia watu ujumbe. Elia akasema tujaribu kitu kizima, hakuna anayenunua gari bila kuliwasha. Nikakiwasha mimi, kwa kidole changu hiki.

Ulikuwa mwezi wa tisa, mama. Wewe hapo tayari umeshajua.

Asubuhi moja dereva akanipigia kutoka kituo cha juu cha kukusanyia maziwa, kule barabara inapoishia chini ya msitu. "Dada Manka, hapa hakuna mtu." Nikadhani kuna msiba. Hakukuwa na msiba. Kesho yake vilevile, hakuna mtu, hakuna ndoo. Na hakuna aliyepiga simu kulalamika, jambo ambalo lilinitia baridi mpaka kwenye mifupa. Wale unawajua. Wakikugombeza, mambo ni mazuri. Wakinyamaza, kimbia. Halafu dereva akaniambia kwamba gari la kiwanda kingine limeonekana likigeuzia pale kanisani.

Nikafungua mfumo. Baadhi ya wanawake wa kituo kile walikuwa wametumiwa ujumbe: "Ndugu mfugaji, maziwa yako yameshuka. Kituo hakitayapokea tena." Chini kulikuwa na jina langu. Wa kwanza kabisa alikuwa Mama Ndeshi. Mama Ndeshi wako! Uliyekuwa unashuka naye na ndoo kichwani mpaka barabarani, kabla hatujawa na gari hata la kukodi. Waliobaki hawakutumiwa kitu, ila waligoma pamoja nao.

Nilimpigia Denis. Akasema hajashangaa, mchoro unaonyesha kila mwaka miezi hiyo eneo lile linashuka, pengine ni ukame. Na mimi, mtoto wa mlimani, nikaitikia ndiyo, ukame. Ukame gani huo unaoruka nyumba ya jirani na kuingia ya pili? Lakini nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu anaitikia chochote.

Nikakata jani la isale pale mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, nikalifunga fundo, nikapanda mlimani kwa Mama Ndeshi. Kwetu jani hilo ukilipeleka kuomba msamaha halikataliwi, hata kama umemwaga damu. Lakini aisee, nani amewahi kulipeleka kwa ajili ya makosa ya kompyuta? Nikajisemea leo ndipo litakapokataliwa kwa mara ya kwanza, na litakataliwa mikononi mwa binti yako.

Nilipoingia uani harufu ya mtori wa ndizi na nyama ikanipokea, na siagi inayeyushwa. Ndani, mkwe wa Mama Ndeshi amelala kwenye blanketi zito, amekumbatia kitoto chekundu.

Mama, nilitaka ardhi inimeze. Wanaume wanarudi Krismasi, mlima unajaa, halafu mwezi wa tisa watoto wanaingia. Na mabinti walioolewa mijini wanapandishwa nyumbani na matumbo yao waje watunzwe. Miezi mitatu maziwa ya nyumba ile hayatoki nje, ni ya mzazi, anywe apate nguvu. Wewe ulikuwa unasema, "Krismasi imeanza kunywa," unapunguza oda za maduka, unafunga kitenge unampelekea mzazi. Na kitenge chenyewe nilikuwa nakibeba mimi, nikitembea nyuma yako! Lakini nilipoona wekundu kwenye ule ukuta sikukumbuka hata nyumba moja.

Nikamwamkia Mama Ndeshi shikamoo. Nikampa jani kwa mikono miwili. Hakusema marahaba. Aliligeuza mikononi, mama, akalitazama fundo. Kisha akalichomeka juu ya mlango, akaenda kitandani, akanyanyua mtoto na kuniwekea mikononi.

"Huyu ndiye aliyekunywa maziwa yako," akasema. "Mwandike."

Nikalia. Nililia vibaya, mpaka mtoto naye akaanza, na yule mkwe akaniomba nimrudishe.

Nimeongea na Elia. Anasema nisiwe na jazba, tuzime tu zile meseji tubaki na mfumo wa kwanza. Na Elia si mjinga. Ule ni mwepesi, unaona mbali, na sisi tukichelewa wenzetu watajaza maduka yote mpaka Holili. Nikamuuliza Denis, je, nikitaka kuueleza kwamba nyumba fulani ina mzazi, naandika wapi? Alikuwa mkweli, nampa heshima yake. Akasema, "Dada, hapo pa kuandika hapapo."

Basi kesho nitamwambia Elia nataka ule wa shule ya msingi. Hofu yangu haijaisha, imehama tu. Najiuliza kama nachagua kwa akili au kwa machozi. Mwakani maduka yakituacha, Elia atanitazama, hatasema kitu, na hilo litaniuma kuliko matusi. Na wewe haupo wa kunigombeza. Nakumbuka ulivyokuwa unanipiga kofi dogo mgongoni nikisitasita, "Amua, maziwa hayasubiri." Leo asubuhi nimelisubiri kofi hilo kama mjinga.

Leo asubuhi gari la juu limeshuka na maziwa. Si mengi. Dereva anasema Mama Ndeshi alisimama kituoni mwenyewe, amejifunga shuka, anawahimiza wenzake waharakishe. Yeye hakuleta hata kikombe. Angeletaje?

Niliyaingiza maziwa yale kwenye ule mfumo wa pili, tunaoujaribu sasa. Ulipofika kwenye jina lake ukasimama, ukauliza sababu. Nikaandika: Kuna mzazi. Ukakubali, ukaenda kwa mfugaji anayefuata. Nikabaki natazama pale mpaka macho yakauma, kwa sababu nililoandika ni jambo ambalo wewe hukuwahi kuhitaji kuandika popote, na mimi nisipoliandika litapotea.

Pumzika, mama. Siwezi kuwa wewe, nimejaribu na nimechoka. Nitakosea tena, huenda kesho hiyohiyo. Ila kitu kimoja nakuahidi nikiwa naliona kaburi lako: jina langu halitafika tena mlangoni kwa mtu kabla miguu yangu haijafika.

Ni mimi, binti yako anayeogopa,
Manka