Kamba Thelathini na Moja

Chokocho, Pemba
Jumapili jioni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Miguu inasemaje huko Tanga? Ile dawa ya kuchua ipake asubuhi na jioni, si siku unapokumbuka tu. Mimi mwili mzima. Roho utajisomea mwenyewe.

Umeniandikia nimsamehe Time, huyu mkulima mwani mwenzangu. Padre naye, alipokuja kusali nasi, aliniambia hivyo hivyo: kwamba Mungu alitusamehe kabla hatujaomba, na kwamba neema haina kipimo. Nikamjibu kuwa kwangu mimi kila kitu kina kipimo. Nilianza na kamba kumi na mbili za mwani, hata vigingi nikiazima, na leo ninazo mia mbili na sitini, zote nimezifunga kwa mkono huu. Akacheka, akasema basi mimi ni mgumu kuliko vigingi vyangu. Mimi sikucheka. Tangu siku ile, katika Sala ya Bwana, tukifika pale pa kusamehe nanyamaza, wenzangu wanapita, najiunga nao mbele.

Nilikuandikia nusu, sasa pata habari nzima. Siku mbili kabla ya Ramadhani, maji yalipokupwa, nilikuta kamba zangu arubaini na nane zimekatwa kwa kisu, mwani wa siku thelathini na tisa umekwenda na mkondo. Bi Samiha, tunayepakana naye pwani, alimwona Time akitoka huko. Time hakukana. Alisema nimesogeza vigingi hatua sita ndani ya sehemu aliyokuwa akilima marehemu mama yake. Uongo mtupu. Ni hatua nne, na palikuwa hapana kitu.

Jioni ya kuamkia mfungo akaja mlangoni kwangu, maana Waislamu wa huku huombana radhi kabla ya kuingia mwezi. Akaniita dada. Akasema hasira iliyoshika kile kisu imekwisha, imebaki aibu. Nikamwambia hasira yangu mimi ndiyo kwanza inachipua, arudi baada ya siku arubaini na tano, kama za mwani kukomaa, aje aivune. Kesho yake nikaenda kwa sheha, nikataka Time atolewe pwani moja kwa moja. Ana watoto wanne na hana kazi nyingine. Nililijua hilo, mama, na ndiyo maana nikalitaka.

Shauri lilisikilizwa jana, barazani kwa sheha, wanawake wote wa mwani wakiwapo. Nilisema kwa mpangilio: kamba ngapi, siku ngapi, magunia mangapi yangetoka. Bi Samiha akapaza sauti kwamba Skola akiachiwa atahesabu na mawimbi. Wakaangua kicheko. Sheha akawanyamazisha, akamgeukia Time.

Time akasema hana la kujitetea. Ila katikati ya Ramadhani, na saumu yake, alikaa akafunga kamba thelathini na moja kwa mbegu yake mwenyewe, akaziweka sehemu yake, ili zikikomaa anikabidhi, kisha atafute na zile kumi na saba zilizobaki. Hakutaka kusema mpaka zikomae. Siku ya tatu alizikuta zote zimekatwa. Bi Samiha akaruka, akauliza ni mnyama gani huyo, atajwe hapo hapo. Time akasema hamjui na hataki kumjua. Amekwisha kumsamehe, kwa sababu anajua mkono unavyokuwa siku kama ile.

Sheha akaniuliza kama bado nataka atolewe. Nikaomba anipe hadi kesho, Jumatatu.

Mama, ni mimi. Nilishuka maji yakiwa bado magotini, nikijua wenzangu wanachelewa kwa ajili ya saumu, nikazikata moja moja nikihesabu. Niliona zimefungwa vizuri kuliko anavyofunga siku zote, nikasema kumbe huyu ananawiri, nikazidi kukata. Zilikuwa zangu zile. Zote thelathini na moja.

Usidhani nimelainika. Tangu jana namchukia zaidi. Amenisamehe bila hata kuniuliza kama nataka, mbele ya watu, na mimi nimekaa pale na karatasi yangu ya hesabu mapajani. Usiku sikulala, nikitafuta kosa lake jipya. Sikulipata.

Kesho nitasema, mbele ya wote wale wale. Bi Samiha atanitukana, na hilo halinitishi, matusi nayajua na majibu ninayo. Time akitaka nitolewe pwani mimi, nitang'oa vigingi vyangu mwenyewe hadi cha mwisho. Ninachokiogopa, mama, ni kwamba hatataka.

Nisalimie dada na wanawe, na wote wanaoniulizia. Mwambie dada mkeka wake umekwisha, nitaupakia kwenye boti ya Mkoani mara nikipata mtu. Kula vizuri.

Ni mimi mwanao,
Skolastika